Mshauri wa mtandaoni aliyeniuliza muguka unanipa nini

Nilikuwa na hoja nyingi za kutetea muguka, yale majani ya kutafuna ya kukesha, kuliko mwenyewe mkulima wa Embu, kule yanakolimwa. Mamangu akiniambia yale majani yananimaliza, namjibu kuwa babu alitafuna miraa maisha yake yote na akazikwa na wajukuu. Mke wangu akisema silali, namwuliza karo inalipwa na nani, maana makaratasi ya kutoa mizigo bandarini nayamaliza usiku, na usiku bila mfuko wangu wa majani, njugu na Big G ulikuwa hauendi. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir akapiga marufuku muguka Mombasa. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimejiahidi kuacha. Badala ya kushukuru, nilikaa barazani nikatetea haki za wakulima hadi saa saba za usiku, na mahakama ya Embu iliposimamisha amri ile nilinunua mifuko miwili kusherehekea.

Nilipomsimulia binamu yangu, muuguzi huko Uingereza, alicheka kisha akaniambia: "Wewe usitafute mtu wa kukwambia uache. Hao unao tele. Tafuta mshauri anayefanya MI." Jina lake kamili ni Motivational Interviewing, na liandike hivyohivyo unapotafuta mtandaoni, kwa sababu washauri wetu wengi huliweka kwa Kiingereza. Mimi naita mahojiano ya kuamsha ari.

Asili yake inapendeza. Mwanasaikolojia Mmarekani William R. Miller alikwenda Norway akazungumza na washauri waliokuwa wakihudumia walevi. Wakamwomba awaonyeshe anavyofanya, wao wakiigiza wateja, na kila mara wakimkatiza: mbona umeuliza hilo? Mbona pale hukumjibu? Katika kujieleza akajikuta anataja kanuni alizokuwa akizifuata bila kuziandika, na mwaka 1983 akazichapisha. Kitabu alichoandika na Stephen Rollnick, aliyekuwa Cardiff, kikafuata mwaka 1991. Siku zile desturi kubwa Marekani ilikuwa kumkabili mlevi uso kwa uso mpaka akiri. Miller alikwenda njia nyingine: sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mteja, na kazi ya mshauri iwe kuzisikia zinapopita na kumrudishia mwenyewe.

Nilipoelewa hilo nilielewa pia baraza langu la usiku ule. Kila aliyenisukuma niache alinipa nafasi ya kusema kwa nini niendelee, na mtu huamini anachojisikia akikisema.

Kumpata huyo mshauri ilikuwa kazi nyingine. Nilianzia kwenye jukwaa la kigeni, yale ya kujaza maswali kisha unachaguliwa mtu. Mshauri niliyepewa alikuwa mpole, lakini mimi nikiamka yeye ndiyo kwanza analala, na muguka hakuujua. Nilimweleza kuwa ni majani mabichi, ndugu yake miraa. Akaniandikia ukurasa mzima kuhusu bangi. Nikalipa dola za mwezi mmoja, basi.

Wa pili alikuwa Mkenya. Wasifu wake ulitaja mbinu kumi na moja, MI ikiwa ya nne. Nikasema huyu ndiye. Tukafungua video, akaniuliza natafuna kiasi gani, tangu lini, naanza saa ngapi, kama karani wa sensa. Halafu akanionyesha picha za meno kwenye skrini. Meno ya watu wengine, mabovu, ya kijani kijani. "Sasa wewe ni baba wa watoto wawili, unaona ni sawa?" Nikasikia ulimi wangu unaanza wenyewe: babu, karo, bandari, Embu. Nilimshinda kwa hoja. Nilipozima simu nikavuka barabara moja kwa moja hadi kibandani.

Namtaja si kwa ubaya. Ile pupa ya kumnyoosha mwenzako ukimwona anapinda ni ya kibinadamu, na mwenye huruma ndiye anayo zaidi. Lakini ilinifundisha kwamba jina la mbinu kwenye wasifu ni kama neno "pilau" ukutani mwa hoteli. Utajua ukionja.

Wa tatu alikubali simu ya bure ya dakika kumi na tano, na kama kuna jambo moja la kulishika katika makala hii ni hilo: usilipe kikao kabla ya simu hiyo. Ilikuwa baada ya Isha, nimeegesha gari Mama Ngina, pale ufukweni, meli moja ndefu inaingia bandarini polepole. Nyumbani kwetu hakuna chumba ambacho ukuta wake hausikii.

"Nikuite vipi?" akauliza.

"Niite kaka tu, dada yangu."

"Haya kaka. Kabla hatujafika kwenye mambo ya kuacha, muguka unakupa nini?"

Nilinyamaza. Miaka tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema unaniweka macho, kazi inaisha, na pale kibandani ndipo ninapokutana na watu wangu.

"Unakuweka macho, na unakukutanisha na watu wako."

"Eeh. Ingawa hao watu wenyewe, siku hizi tunatafuna tu. Kila mtu na simu yake."

"Zamani mlikuwa mkizungumza."

"Zamani, ndiyo. Sasa hata nyumbani... binti yangu amejifunza asinisemeshe asubuhi."

"Amejifunza," akasema.

Neno hilo moja tu, kwa sauti ya chini, na akanyamaza. Meli ilikuwa imeshapita. Sikuwa na hoja ya kujibu, kwa sababu hapakuwa na aliyebishana nami. Lile la binti nililisema mimi.

Kwa hiyo, unapopiga simu ya kwanza, sikiliza nani anazungumza zaidi. Dakika kumi na tano zikiisha na mshauri ndiye kazimaliza kwa kueleza uzoefu wake, huyo huenda ni mzuri kwa mengine. Sikiliza aina ya maswali. "Unatafuna kila siku?" hujibiwa ndiyo au la, na akikuuliza hayo matano mfululizo wewe unakuwa mshtakiwa. "Ikoje siku usipotafuna?" inakufungulia mlango. Angalia pia anaporudisha maneno yako: je, anarudisha yote kama kasuku, au anachagua lile lenye uzito? Wapo waliohudhuria warsha ya siku mbili wakatoka na ukasuku. Unasema "nimechoka", anasema "umechoka". Unasema "ndiyo", anasema "ndiyo". Hapo utajuta pesa yako.

Na tega sikio kwenye ushauri. Watu hudhani MI maana yake mshauri hasemi kitu. Wangu husema, lakini hubisha hodi kwanza: "Kuna jambo nalijua kuhusu usingizi na muguka, nikwambie?" Nikisema ndiyo ananiambia kwa sentensi mbili, kisha anauliza, "Hilo unalionaje?" Siku moja nilisema la, leo sitaki, na hakununa.

Kipimo kingine ni cha namba. Mshauri wa MI atakuuliza mapema: kuanzia sifuri hadi kumi, kuacha ni muhimu kwako kiasi gani? Nilijipa nne. Nilitarajia aulize mbona si kumi, na majibu ya hilo nilikuwa nayo, ni yaleyale ya barazani. Akauliza: "Nne. Mbona si moja?" Fikiria unavyojibu swali hilo. Huwezi kulijibu bila kutaja sababu za kuacha. Nilitaja nne: usingizi, moyo kwenda mbio nikipanda ngazi, pesa, na binti. Kisha akaniuliza namba ya pili, ya kujiamini kwamba nikiamua nitaweza, na hapo nilijipa mbili. Kwa hiyo kazi yetu ya wiki mbili za kwanza haikuwa kunishawishi hata kidogo, ilikuwa kutafuta nilipowahi kuweza. Nikakumbuka Ramadhani. Mchana kutwa situmii na dunia haianguki.

Maswali ya kumwuliza yeye ni machache. Umejifunza MI wapi, na baada ya warsha nani aliwahi kusikiliza vikao vyako? Hili la pili ndilo linalochuja. Ufundi huu haushikiki kwa kusoma. Waliobobea hurekodi vikao kwa ruhusa ya mteja, na mkufunzi huvipima kwa chombo kiitwacho MITI, anahesabu maswali, anahesabu marudisho. Wangu alijibu bila kusita kwamba msimamizi wake alimsikiliza mara sita, na mara ya kwanza alikuta anauliza maswali mengi mno. Mtu anayeweza kukwambia alikosea wapi anajua anachofanya. Utakutana pia na herufi MINT. Huo ni mtandao wa kimataifa wa wakufunzi wa MI, na orodha ya wanachama wake iko wazi kwenye tovuti yao. Ukimpata mkufunzi wa karibu, mwandikie umwombe akuelekeze kwa mtu aliyemfundisha, baadhi hujibu. Lakini MINT haigawi vyeti vya ushauri, kwa hiyo anayejitangaza "nimethibitishwa na MINT kutibu" mwulize vizuri anamaanisha nini.

Usajili usiuonee haya. Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Omba namba. Anayekasirika ukiomba namba, mshukuru uondoke.

Kuhusu lugha, mimi nilisema wazi nataka Kiswahili. Kiingereza ninacho cha kuandikia barua za forodha, lakini mambo ya kifuani siyasemi kwa lugha ya ofisini. Nilipomwambia dada yule "bila handas sijisikii mtu", yaani ule msisimko wa majani, hakuniuliza handas ni nini. Kwa jukwaa la kigeni hiyo ingekuwa dakika ishirini za tafsiri, kwa pesa yangu.

Usiri nao una pande mbili. Upande wa kampuni: mwaka 2023 jukwaa moja kubwa la ushauri la Marekani lilikubali kulipa dola milioni 7.8 kumaliza madai ya tume ya biashara ya huko, FTC, kwamba lilipeleka taarifa za afya za wateja kwa kampuni za matangazo. Soma masharti kabla ya kujaza maswali marefu kuhusu ulevi wako, au mchukue mshauri binafsi mnayepigiana simu moja kwa moja. Upande wa pili ni nyumbani, na kwetu huku ndio mgumu zaidi. Gari lilinifaa. Vaa visikilizio hata ukiwa peke yako, kwa sababu sauti yako itasikika lakini ya mshauri haitasikika, na nusu ya mazungumzo haina maana kwa mpita njia. Video tuliiacha baada ya kikao cha pili. Mtandao ulikuwa unakatika na bando linakwisha, na niligundua gizani bila sura nasema zaidi. Nalipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa kabla ya kikao. Kwa hesabu ya mifuko niliyokuwa nikinunua, sikuona uchungu.

Usitarajie kwenda mwaka mzima. MI kwa kawaida ni vikao vichache, na mtu aliyekwisha kuamua haihitaji sana. Anahitaji mpango na wa kumfuatilia. Na kuna mahali simu haifai. Kinachofanya kazi ndani ya muguka, kathinoni, ni cha ukoo mmoja na amfetamini. Ukipata maumivu ya kifua, ukianza kusikia sauti au kuona watu wanakufuata, ukawa unawaza kujidhuru, nenda hospitali usiku huohuo, mshauri utampigia ukitoka. Mnywaji pombe wa kila siku asikate ghafla bila daktari, maana kifafa cha kukosa pombe kinaua. Asiye na pesa ya kuanzia kabisa apige 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, aulize yupo nani karibu naye.

Mimi sijaacha. Nimetoka kutafuna kila usiku hadi kutafuna Jumamosi tu, na mwuzaji wangu ameshazoea kunipa njugu peke yake siku za kazi, ingawa bado ananitania kwamba nimekuwa sungura nusu. Ile namba yangu ilifika saba mwezi uliopita. Wiki hii meli mbili zimekwama, nimetafuna Jumatatu na Jumanne, na nikijiuliza kwa haki naona nimeshuka hadi tano. Kikao ni Alhamisi baada ya Isha. Najua ataniuliza mbona si mbili, na tangu asubuhi nimeshaanza kumjibu kichwani.