Maswali na majibu: Chakula, watu na habari kwenye barafu ya Antaktika

Wiki hii mmeuliza kuhusu safari ya mvumbuzi Ernest Shackleton ya 1914 hadi 1917, aliyotaka kulivuka bara la Antaktika.

Meli yao ilipozama, walikula nini?
Endurance ilinaswa na barafu Januari 1915, ikazama Novemba. Shehena kidogo waliiokoa, ila kilichowaweka hai watu 28 ni sili na pengwini. Nyama walikula, mafuta ya sili wakayachoma jikoni badala ya kuni. Nyama hiyo ndiyo iliyowakinga na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mbwa nao hatimaye walipigwa risasi.

Naomba kujua, aliwazuiaje wasigombane?
Hapa ndipo ninapomheshimu sana. Mifuko ya kulalia ya manyoya ilikuwa 18 tu, iliyobaki ya sufu, nayo haina joto kama ile. Kura ikapigwa, na karibu wakubwa wote, Shackleton akiwemo, wakaangukia ya sufu. Mabaharia walijua kura imepangwa kwa faida yao. Wale wagumu aliwalaza katika hema lake mwenyewe, manung'uniko yasisambae. Kila mtu aliruhusiwa kubeba takriban kilo moja tu ya vitu vyake, lakini banjo ya Leonard Hussey, mtaalamu wao wa hali ya hewa, nzito kuliko hapo, alisisitiza ibebwe.

Hawakuwa na redio?
Walikuwa na ya kupokea tu, na haikunasa chochote. Gharama ya kukosa mawasiliano ilionekana upande wa pili wa bara, Bahari ya Ross, ambako kundi jingine lilikuwa likimwekea Shackleton akiba ya chakula njiani. Mei 1915 dhoruba iliikokota meli yao, Aurora, pamoja na vifaa vingi, watu 10 wakabaki ufukoni. Wakajishonea suruali kwa turubai la hema kuukuu, wakaendelea kuvuta mizigo hadi mwanzo wa mto wa barafu wa Beardmore. Watatu walikufa. Katika safari hii Shackleton hakufika hata kukanyaga bara lenyewe, na hapakuwa na namna ya kuwaambia. Inaniuma kila niisomapo.

Walioachwa kisiwa cha Elephant walijuaje kwamba wataokolewa?
Hawakujua. Kutoka kwenye barafu wote walifika kisiwa hicho kwa mashua, kisha Shackleton akaondoka na moja pamoja na wenzake watano kutafuta msaada, na 22 wakaishi zaidi ya miezi minne chini ya mashua mbili zilizopinduliwa. Msaidizi wake, Frank Wild, alikuwa akiwaambia wafunge mizigo, huenda bosi akafika leo. Tarehe 30 Agosti 1916 ikatokea Yelcho, meli ya Chile ya nahodha Luis Pardo. Ndani ya saa moja wote 22 walikuwa melini.