Unataka kuajiri mtu wa dukani? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu kuajiri kwenye biashara ndogo hapa Tanzania, nimechagua machache.

Nina duka la vipodozi, nimezidiwa, nataka msichana wa kuuza. Nimepanga laki tatu. Naanzia wapi?

Anza na daftari dada yangu, kabla hujamwambia mtu yeyote. Andika kazi zenyewe, nani anafungua, nani anapokea mzigo, nani anahesabu hela jioni, maana wengi wanaajiri "msichana wa duka" halafu mwezi wa pili anatumwa mpaka kufua nyumbani kwa bosi na ugomvi unaanzia hapo. Kisha piga hesabu ya gharama yote sio mshahara tu. Kwenye laki tatu wewe unaongeza NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yani 30,000, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nusu asilimia, 1,500, kwahiyo anakugharimu 331,500 kila mwezi na hapo nauli na chakula bado. Yeye nae anakatwa 30,000 ya NSSF, inabaki 270,000 ambayo haikatwi PAYE (kodi ya mshahara), ndo anayoondoka nayo mkononi. Mwambie hiyo namba mapema kabisa. SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, achana nayo mpaka ufikishe wafanyakazi 10. Sasa jiulize, Januari wateja wako wakiwa wanahangaika na ada za shule, duka litatoa hiyo 331,500? Kama halitoi, tafuta mtu wa nusu siku kwanza.

Nataka kumchukua mtoto wa mjomba, mkataba wa nini tena?

Kwa ndugu ndo zaidi, ugomvi wa hela wa ndugu unafika mpaka msibani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka umpe maandishi: jina, kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi, mshahara na unavyopigiwa hesabu. Kurasa moja mbili zinatosha. Mkifikishana CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) na huna hiyo karatasi, wewe mwajiri ndo utatakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Naweza kumweka majaribio miezi mitatu bila kumlipa nione uwezo wake?

Hapana. Akifanya kazi analipwa. Na notisi ipo hata kwenye majaribio, siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Uwezo utauona siku ya intavyuu ukimpa kitu cha kufanya, mpe kikapu cha bidhaa apige hesabu na kurudisha chenji, wewe ujifanye mteja mkorofi. Halafu mpigie bosi wake wa zamani umuulize swali moja tu, ungemchukua tena? Sikiliza kama anasita.

Keshia akiwa na shoti, yani hela imepungua kwenye droo, si nakata tu kwenye mshahara?

Sio kienyeji hivyo. Lazima akubali kwa maandishi, umwandikie hasara imetokeaje na ni shilingi ngapi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara, kwenye laki tatu ni 75,000. Hili jambo linaniuma sana, kuna watu wanafika mwisho wa mwezi hawana kitu kwasababu ya shoti ambayo hata haijulikani ni ya nani, droo moja inashikwa na watu watatu na bosi mwenyewe anachukua ya mafuta humohumo bila kuandika! Panga hayo kabla hajaja. Awe na droo yake, chenji ya kuanzia mhesabu wote asubuhi, jioni mhesabu tena msaini wote wawili, malipo ya simu yaingie kwenye lipa namba ya biashara sio kwenye simu ya mtu, na wewe ukichukua hela uandike kama mtu mwingine yeyote.

Naruhusiwa kuuliza kama ana mimba au ameolewa?

Usiulize, sheria inakataza ubaguzi wa mimba na ndoa hata kwa anayeomba kazi. Wasiwasi wako si ni saa? Basi ongea saa. Ila kama duka linafunguliwa saa 2 asubuhi mpaka saa 3 usiku hizo ni zamu mbili, mtu mmoja mwisho ni masaa 9 ya kazi kwa siku na 45 kwa wiki, ya ziada unalipa mara moja na nusu. Ziandike hizo zamu kwenye tangazo la kazi, atakaeona haziendani nae hataomba.