Wasaidizi wakiondoka, timu inabaki na nini?

SWALI: Kocha, salaam. Tangu mwanangu aende kusoma Marekani nimenogewa na mpira wa Kimarekani wa vyuo. Jambo moja linanitatiza. Chuo Kikuu cha Alabama kilikuwa kikipoteza makocha wasaidizi karibu kila mwaka na bado kikibeba ubingwa. LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) waliondokewa na wawili tu baada ya ubingwa wa 2019, wakaporomoka. Tofauti iko wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usihesabu walioondoka, uliza mfumo ulikuwa wa nani.

Pale Alabama mfumo wa ulinzi ulikuwa wa kocha mkuu Nick Saban mwenyewe. Msaidizi wake Kirby Smart aliusimamia kuanzia 2008 hadi 2015, kisha akaenda kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Georgia. Jeremy Pruitt aliyempokea hakuleta mafundisho mapya. Upande wa ushambuliaji ndiko watu walikopishana mlangoni: ubingwa wa 2015, wa 2017 na wa 2020 kila mmoja ulikuwa na mratibu wake (msaidizi anayepanga mashambulizi), yaani Lane Kiffin, Brian Daboll na Steve Sarkisian. Ujanja wa Saban ulikuwa akiba. Aliwaajiri makocha waliofukuzwa kwingine akawapa kazi ya uchambuzi. Sarkisian na Mike Locksley wote walipitia hapo 2016, kwa hiyo zamu yao ilipofika walishazijua mbinu na wachezaji.

LSU ilikuwa kinyume. Mashambulizi ya pasi ya 2019 yalikuja na msaidizi Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya kulipwa, na msimu ulipoisha akaenda timu nyingine ya kulipwa, Carolina Panthers. Dave Aranda, mwenye ulinzi, akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Baylor. Mrithi wake akabadilisha mpangilio mzima, na mechi ya kwanza tu ya 2020 Mississippi State wakawapiga pasi za yadi 623. Kutoka kushinda mechi zote 15 wakamaliza na ushindi 5 na vipigo 5. Ila tusiwabebeshe makocha lawama zote: Joe Burrow, mrusha pasi wao mkuu, na wenzake, jumla wachezaji 14, walichaguliwa na timu za NFL (ligi ya kulipwa) mwaka huohuo.

Hasara nyingine haionekani uwanjani siku ya mechi. Msaidizi ndiye anayekwenda nyumbani kwa kijana wa sekondari na kuzungumza na mama yake. Tangu 2017 usajili wa mapema hufanyika Desemba, wakati uleule makocha wanapohama, na tangu 2021 mchezaji anaweza kumfuata kocha wake bila kukaa nje msimu mzima. Na anayeondoka hujua siri zako. Januari 2022 Smart aliifunga Alabama 33-18 fainali.

Lakini kukaa sana nako kuna bei. Chuo Kikuu cha Clemson kilimshika Brent Venables, mratibu wa ulinzi, miaka kumi kikapata mataji mawili. Alipokwenda Oklahoma mwishoni mwa 2021, na Tony Elliott, mratibu wa ushambuliaji, akaenda Virginia, kocha mkuu Dabo Swinney aliwapandisha watu wa ndani. Mratibu mpya wa ushambuliaji alidumu msimu mmoja akafukuzwa. Mimi ningetafuta angalau mmoja kutoka nje.