Kidole tumbo: kwa nini daktari ameagiza CT scan?

SWALI: Mdogo wangu wa kike, miaka 24, anaumwa tumbo tangu jana. Maumivu yalianzia kitovuni, sasa yako chini kulia. Ultrasaundi haikukiona kidole tumbo. Daktari amempa alama 5 kati ya 10 na anataka CT scan. Kwa nini asipasuliwe tu? Na mionzi je? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Hizo ni alama za Alvarado, za kukadiria uwezekano wa ugonjwa wa kidole tumbo, za tangu 1986. Maumivu kuhama kutoka kitovuni ni 1. Kuuma anapobonyezwa chini kulia, 2. Chembe nyeupe za damu kuzidi 10,000, nyingine 2. Zinazobaki hutokana na homa, kutapika, kukosa hamu ya kula na kadhalika. Kijana wa kiume mwenye 8 au 9 anaweza kupelekwa chumba cha upasuaji bila picha. Alama 5 na 6 ndizo za mashaka, na kwa binti wa umri huo ovari iliyojinyonga au mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma palepale. Akipasuliwa kwa kubahatisha, huenda kikakatwa kidole kisicho na ugonjwa na ugonjwa wenyewe ukabaki.

Ultrasaundi kutokiona hakumaanishi ni kizima. Gesi ya utumbo huziba picha.

Kwanza apimwe mimba. Ikiwepo, arudie ultrasaundi au apigwe MRI, picha isiyotumia mionzi hii. Isipokuwepo, kabla ya CT scan apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kwa kuwa dawa ya mshipani inayong'arisha picha hutolewa na figo. Aseme kama ana mzio wa dawa hiyo au anatumia metformin, dawa ya kisukari. Dawa hiyo ya picha ikiingia atahisi joto mwili mzima na kama amejikojolea, ni kawaida. Daktari wa picha hutafuta kidole kilichozidi milimita 6, ukuta mnene na mafuta ya pembeni yaliyovurugika. Mtu mwembamba sana husumbua hapa: mafuta yake ni machache, viungo vinagandana kwenye picha.

Mionzi ni kama millisivati (kipimo cha mionzi) 8, yaani sawa na ile ya asili ambayo mtu hupata kwa miaka mitatu hivi. Mashine nyingi zinaweza kupunguzwa hadi karibu 2, na kidole bado kikaonekana, ulizeni.

Dawa ya maumivu apewe, haifichi ugonjwa. Dawa ya kulainisha choo au ya kumfanya aharishe, hapana kabisa.

Picha ya mapema mno huweza kutoka safi. Maumivu yakizidi baadaye arudi hospitali siku hiyohiyo, na yakikatika ghafla kisha tumbo zima likakakamaa, kidole kimepasuka: hapo hakuna kusubiri picha.