Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Maumivu Uliyoniuliza

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeniuliza kama mateso niliyoyapata nilipolelewa kwa shangazi ndiyo yanayoniumiza viungo na kunichosha hadi leo, ilhali vipimo vya damu na picha za eksirei havionyeshi kitu. Nadhani swali hilo lilianza Jumapili ile niliposhindwa kukamua kanga, maji yakawa yananichuruzika hadi kiwikoni, nawe ukaipokea bila kusema neno.

Uhusiano upo, tena umechunguzwa. Huko Georgia, Marekani, Christine Heim na wenzake waliwalinganisha watu 113 wenye ugonjwa wa uchovu sugu na watu 124 wenye afya, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba mateso ya utotoni yaliambatana na uwezekano wa kuugua ulio mkubwa takriban mara 6. Lililonigusa zaidi ni kwamba kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili mashaka, ilikuwa pungufu asubuhi kwa wagonjwa walioteswa, lakini si kwa wagonjwa ambao hawakuteswa. Mtoto anayelala akisikiliza nyayo mlangoni, usiku hata usiku, kwa miaka minne, mwili wake hujifunza kutotulia, na neva zilizozoea hatari huweza baadaye kuupokea hata mguso mdogo kama pigo.

Hata hivyo, wapo wengi wenye maradhi haya ambao hawakuteswa kamwe, na wapo walioteswa kuliko mimi wakakua wazima. Utafiti ule nao ulitegemea kumbukumbu za watu wazima. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba ni shangazi, na sitaki umchukie kwa jambo nisiloweza kulithibitisha; yale niliyo na hakika nayo yanatosha.

Daktari mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, hayo ni mawazo tu," nikarudi nyumbani nikiona aibu kwa maumivu yangu mwenyewe. Hilo silikubali tena. Kusema kwamba hofu ya utotoni imeacha alama mwilini si kusema kwamba mgonjwa anajitungia ugonjwa. Daktari wa sasa nilimweleza yote, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanifundisha kugawa kazi za siku na kupumzika kabla sijachoka.

Habari ya ule mlango sitaiandika. Ukija likizo nitakusimulia tukiwa wawili, na kanga nitakuachia uzikamue.

Mama yako