Namba "tasa": utasa wake uko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Pasua, Moshi. Juzi mwanangu wa darasa la tano alikuwa akikariri kwa sauti, "Saba ni tasa, kumi na moja ni tasa." Bibi yake akamkemea kwamba neno hilo halitamkwi mbele za watu. Nikataka kumtetea mtoto, nikakwama: 7 si inazaa 14, 21, 28? Utasa wake uko wapi? Na 2,147,483,647, ambayo binamu yake anayesoma Arusha anasema nayo ni tasa, inasomwaje?

JIBU: Marahaba. Bibi hajakosea. Mwanamke akiitwa tasa amechomwa. Mwenye adabu husema "hakujaliwa mtoto". Lakini ng'ombe asiyeshika mimba huitwa tasa na hakuna anayenuna, na namba haina mawifi wa kuisema.

Hizo 14 na 21 ni vigawe, yaani namba unazopata ukizidisha 7. Utasa unatazama vigawo, yaani namba zinazoigawa 7 bila kubakiza. Mwaga maharage 12 mezani: utayapanga safu 2 za sita sita, au 3 za nne nne. Chukua 7 sasa. Ukipanga mawili mawili, moja linabaki pembeni. Matatu matatu, moja linabaki tena. Yatakubali mstari mmoja tu. Ukiigawa 7 haikupi kitu ila 1 na yenyewe. Kilatini na Kiarabu huiita namba "ya kwanza", yaani haikutokana na kuzidisha nyingine, na kusema kweli picha hiyo naipenda zaidi: 7 haina wazazi. Ila "tasa" limeshakaa shuleni pamoja na shufwa na witiri, sioni haja ya kulisumbua. (1 si tasa: ina kigawo kimoja tu.)

Binamu yuko sahihi. Andika 2 mara thelathini na moja, uzizidishe zote (2 × 2 × 2…), toa 1, utaipata namba yake. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha utasa wake mwaka 1772, bila mashine. Katika kujaribu vigawo hakuhitaji kuvuka 46,340, kwani 46,341 ikijizidisha yenyewe inaipita namba hiyo: kigawo kikubwa kuliko hapo kina mwenzake mdogo, ambaye angeshamkuta njiani.

Mtego uko kwenye kuisoma. "Elfu mia nne themanini na tatu mia sita…" kwenye karatasi mkato unasaidia, mdomoni hausikiki. Sokoni Mbuyuni mfanyabiashara hasemi "elfu mia na tatu", ukabaki unajiuliza ni 103,000 au 100,003. Atasema "laki na elfu tatu", ukajua unadaiwa nini. Nami naifuata laki: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Mtoto naye aseme "saba ni namba tasa", asilitupe "tasa" peke yake. Bibi atamwacha amalizie zoezi.