Timu kukolea kazini: punguzeni kwanza kusubiriana

Mkuu, umeuliza kwa nini kila mmoja wenu akiwa peke yake anazama kwenye kazi hadi anasahau saa, ila mkikaa pamoja hakuna kinachosonga. Waliotangulia wamekujibu habari za motisha na kupendana. Sikubaliani nao. Mara nyingi tatizo ni kusubiriana.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyeanza kuandika kuhusu hali hii ya kuzama kazini miaka ya 1970, alitilia mkazo mambo matatu: lengo linaloeleweka, kuona papo hapo kama ulichofanya kimefaa, na ugumu unaolingana na uwezo wako. Ukiwa peke yako, hilo la pili unalipata bila jasho: unaandika sentensi, unaisoma, unaona imekaa vibaya. Kwenye timu jibu liko kichwani mwa mwenzako, naye yuko kikaoni. Likija kesho, wewe umeshahamia jambo jingine.

Anzeni na idadi. Watu 5 wana njia 10 za mawasiliano baina yao; 9 wana 36; 12 wana 66. Kwa kazi ya kuzama, 3 hadi 5 wanatosha. Wengine waitwe wakihitajika, wakimaliza waondoke.

Kisha chagueni kipande kimoja kinachoweza kwisha ndani ya dakika 90, mwandike mahali pa wazi kitakachokuwepo mkimaliza. "Kujadili ripoti" si lengo. "Sehemu ya matokeo imekamilika na hesabu zake zimehakikiwa" ni lengo. Dakika 10 za mwanzo bishaneni juu ya hilo tu, tena msibanie, maana ubishi uliorukwa hapo utazuka katikati ya kazi.

Sasa tumieni skrini moja, hati moja. Mmoja anaandika, wengine wanafikiri kwa sauti, na mwandishi anabadilishwa kila dakika 10 hadi 15. Watu hupenda kuiruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ya kitoto, kumbe bila hiyo wawili watafanya kazi na watatu watakuwa watazamaji. Simu ziwe kimya. Swali la nje ya kipande hicho liandikwe pembeni, lingoje.

Tofauti ya uwezo ndiyo inayosumbua zaidi: mzoefu anachoshwa, mgeni anaogopa. Kumpa mzoefu sehemu zote ngumu hakusaidii. Mwacheni mgeni aandike, mzoefu aelekeze kwa mdomo. Kueleza jambo analolifanya kwa mazoea kutamtoa jasho mzoefu, na mgeni atakuwa na kazi iliyomzidi kidogo tu.

Kuna na bosi. Mtafiti Keith Sawyer, aliyechunguza vikundi vya jazi na vya maigizo ya papo kwa papo, aliona kuwa kuzama pamoja kunahitaji wote washiriki karibu sawa. Bosi mwenye jibu tayari mfukoni hukuvunja bila kukusudia, kwani kila sentensi inaanza kumtazama yeye. Akitaka kuwepo, ashike zamu ya kuandika, au azungumze mwisho.

Mkiwa mbalimbali, acheni sauti wazi kipindi chote. Msitegemee ujumbe wa maandishi.

Halafu msidanganywe na raha yake. Timu iliyokolea hukubaliana haraka, hata kwenye kosa. Kazi hiyo ipitiwe siku ya pili na mtu ambaye hakuwemo, akiwa ameshika lile lengo mliloliandika mwanzoni.